Bima ya Uzeeni: Kabla ya Kusaini, Fungua Daftari la Nauli

Mzee alivaa koti lake la kufundishia. Tangu astaafu ualimu katika shule moja ya Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, koti hilo hulivaa Jumapili na siku ya kwenda Mbarara tu. Siku hiyo alikuwa anakwenda kuonana na wakala wa bima. Mwandishi wa makala haya, ambaye ni mtoto wa mdogo wake, alimsindikiza akiwa na bahasha ya karatasi za kliniki ya presha na sukari.

Wakala alikuwa kijana mwenye adabu. Alifungua kijitabu chenye picha za familia zinazocheka, akapekua hadi kwenye ukurasa wa hospitali. Mzee akavaa miwani, akaanza kushuka na ncha ya kalamu: Kampala, Kampala, Entebbe, Kampala. Mbarara ilikuwa na mistari miwili.

"Mwanangu," aliuliza, "nikizidiwa usiku kule Rubondo, ni ipi kati ya hizi itakayonifuata?"

Kijana alicheka kidogo. "Hapo, mzee, itabidi ufike mwenyewe."

Kutoka Mbarara hadi Kampala ni takriban kilomita 270. Kutoka Rubondo, sehemu ya Nakivale anakoishi Mzee, hadi Mbarara kwenyewe ni safari ya bodaboda na taksi, na mvua ikinyesha bodaboda hupandisha bei au hukataa kabisa. Mwandishi alikuwa amesoma vijitabu vinne kabla ya siku hiyo, akilinganisha viwango vya juu vya malipo kama anayenunua gunia la mahindi. Hakuwa amejiuliza swali la Mzee.

Ukiziondolea majina ya kibiashara, bima za afya kwa mstaafu huangukia makundi mawili. Kundi la kwanza hukuweka ndani ya utaratibu wake: unalipa ada ya mwaka, unatibiwa kwenye kliniki na hospitali zilizo kwenye orodha, na aghalabu unaanzia kwa daktari wa kwanza kabla ya kufika kwa bingwa. Nchini Uganda mashirika ya uanachama wa afya, maarufu kwa kifupi cha HMO, hufanya kazi kwa namna hiyo, nayo hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Kundi la pili ni la nyongeza. Halibebi matibabu yote, bali huziba mapengo yanayoachwa na huduma uliyo nayo tayari.

Waliohamishiwa Marekani kutoka Nakivale huukuta mtihani huohuo wakizeeka. Wenye haki ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, inayoanza kwa wengi katika umri wa miaka 65, huchagua ama kuongeza Medigap, inayolipa sehemu za gharama ambazo Medicare humwachia mgonjwa, ama kuingia Medicare Advantage, ambako kampuni ndiyo inayosimamia matibabu na kwa kawaida ina orodha yake ya madaktari. Simu zinazoingia kambini kuuliza "nichukue ipi?" zinawashangaza wazee. Huku hakuna Medicare.

Lakini kuna kitu. Tangu 2001 matibabu katika vituo vya serikali Uganda ni bure, isipokuwa katika wodi za kulipia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa wakimbizi huduma za umma kama wenyeji. Bima ya taifa ndiyo haipo: Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, haukuwa sheria. Mstaafu wa serikali huondoka na pensheni, wa kampuni huondoka na akiba yake ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, akifikisha miaka 55, na hakuna kati yao anayepewa kadi ya hospitali pamoja na fedha hizo. Kadi ya mwajiri, kama alikuwa nayo, kwa kawaida huishia mlango wa ofisi.

Sasa mtazame mzee wa Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 wilayani Isingiro. Akiugua, anaanzia kituo cha afya cha eneo lake. Tabibu akiona jambo limemzidi, anaandika rufaa, na rufaa inaelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Hachagui bingwa, wala haruki ngazi. Kwa maneno mengine, tayari yumo ndani ya utaratibu wa kundi la kwanza, bila kulipa ada. Akinunua HMO juu yake anakuwa na malango mawili, na njia ya kuyafikia ni ileile ya vumbi.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Waliporudi kutoka Mbarara, Mzee na mwandishi walichukua daftari la shule, kurasa 48, wakaligawa: nauli, dawa za kununua, vipimo, na chakula cha anayemuuguza. Hilo la mwisho watu hulisahau. Katika hospitali za serikali ndugu ndiye anayepika, anayefua, anayekwenda duka la dawa wodi inapoishiwa. Naye hula, naye hulala mahali. Kila shilingi iliandikwa siku ilipotoka. Baada ya miezi sita ukurasa wa nauli ulikuwa umejaa na kuhamia wa pili, ilhali wa dawa ulikuwa haujafika nusu. Wa vipimo ulikuwa na mistari mitatu.

Kijitabu cha wakala hakikulipa nauli. Hakikulipa sufuria ya maharage ya muuguzaji. Kililipa kitanda cha hospitali binafsi, ambacho Mzee hakuwa amekihitaji hata mara moja.

Kwa hiyo alichagua nyongeza, na aliipata chini ya mwembe. Kikundi chake cha akiba, ambacho hukopesha mitaji ya mihogo na vocha za simu, kilikubali kutenga sanduku la pili la magonjwa: mchango mdogo kila wiki, na anayelazwa hupewa nauli ya watu wawili siku hiyohiyo. Walibishana wiki tatu kuhusu neno "kulazwa". Mama mmoja alitaka hata malaria ihesabiwe. Mweka hazina akasema sanduku lingekauka kabla ya Pasaka. Mweka hazina alishinda, na ni vizuri alishinda.

Sanduku la namna hiyo si jambo jipya katika nchi hii. Huko Kisiizi, Rukungiri, hospitali ya misheni ilianzisha bima ya jamii mwaka 1996 ikiegemea vikundi vya engozi, yaani machela, ambavyo wanakijiji waliviunda ili kubeba wagonjwa na maiti kwenye milima. Anayeingia si mtu mmoja aliyeanza kukohoa. Kikundi ndicho kinachoingia, na ndiyo maana ada hubaki ndogo. Hospitali ya Bwindi, Kanungu, ilianzisha ya kwake, eQuality, mwaka 2010. Kwa mtu wa Isingiro zote mbili ziko mbali mno, lakini hesabu zake zinaigika.

Je, bima ya orodha haifai kabisa? Mama mwenye nyumba wa mwandishi mjini Mbarara, muuguzi mstaafu, alichagua hiyohiyo, na alichagua sawa. Hospitali anayotibiwa iko kwenye orodha na anaifikia kwa miguu. Muhimu zaidi, alianza kuuliza akiwa bado kazini: kadi ya mwajiri inaweza kuendelea kwa jina langu nikistaafu? Aliruhusiwa kuendelea, bila kuanza upya kipindi cha kusubiri. Jirani yake alingoja hadi mafao ya NSSF yatoke, akanunua kiwanja kwanza, kisha akaenda kwa kampuni nyingine akiwa na miaka 63 na presha. Alikubaliwa, ila presha yenyewe iliachwa nje ya mkataba kwa mwaka mzima. Alilipa ada ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Ndiyo maana karatasi ya mkataba isomwe kuanzia nyuma, kwenye orodha ya yasiyolipwa. Tafuta ukomo wa umri wa kuingia na wa kuhuisha. Tafuta ugonjwa wako kwa jina. Uliza kama kiwango cha wagonjwa wa nje kinatosha dawa za kila mwezi, kwani presha na sukari hulala huko, si wodini. Pigia simu hospitali yenyewe uulize kama bado inaipokea kadi hiyo. Kijitabu huchapwa mara moja, mikataba huvunjika kila siku. Na uhakikishe jina la kampuni limo kwenye orodha ya wenye leseni ya IRA. Mamlaka hiyo ina ofisi ya malalamiko, lakini humsaidia aliyenunua kwa mwenye leseni.

Mzee hakusaini. Wakala bado humpigia simu kila baada ya miezi mitatu, nao husalimiana vizuri. Hesabu zake ziko kwenye daftari la pili sasa, na wewe unayesoma, kama umebakiza mwaka mmoja kustaafu, anza lako wiki hii.