Plastiki Chakavu: Kazi kwa Waliopoteza Makazi

Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji walikishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa moto, na wakazi wakakimbia. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, nao ulishambuliwa, na maelfu ya watu wakayahama makazi yao. Mkulima alikimbiapo shamba lake hupoteza chakula na kazi kwa pamoja. Kazi imfaayo wakati huo ni ile isiyodai ardhi wala mtaji mkubwa. Kuchambua plastiki chakavu ni mojawapo, mradi ifanywe kwa misingi ya sayansi.

Plastiki si kitu kimoja. Chupa za maji ya kunywa hutengenezwa kwa aina iitwayo PET, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi za Sentigredi. Vizibo vyake, pamoja na madumu na ndoo nyingi, ni vya polithini nzito, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, au polipropilini, kwenye nyuzi 160 hivi. Aina hizi zikiyeyushwa pamoja hazishikamani vema, na kifaa kinachopatikana huvunjika upesi. Kwa hiyo thamani ya plastiki hutegemea usafi na uchambuzi wake. Na uchambuzi ndio unaohitaji mikono mingi.

Jaribio lake ni rahisi. Katakata chupa pamoja na kizibo chake, kisha vizamishe vipande katika beseni la maji na kuvikoroga. Vipande vya PET huzama, kwa kuwa ni vizito kuliko maji. Vya kizibo huelea. Mabomba ya PVC nayo huzama, hivyo hayana budi kutengwa mapema kwa macho, kwani yakichomwa hutoa gesi ya asidi iunguzayo mapafu. Ni hatari pia kuyeyusha plastiki yoyote ndani ya chumba kisichopitisha hewa.

Tatizo la pili ni usafiri. Chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu kama 15 tu. Kilo moja hudai chupa 65 hivi. Lori lililojaa chupa nzima hubeba hewa zaidi kuliko mali, na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Maadamu ni hivyo, chupa hazina budi kusagwa au kubanwa papo hapo zilipookotwa, na ujira wa kazi hiyo hubaki kijijini.

Pwani hii ina mifano. Huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu lenye urefu wa mita 9, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Bara nako, mjini Nairobi, Nzambi Matee alianzisha utengenezaji wa matofali ya kutandika njia kwa kuchanganya plastiki na mchanga.

Maingilio ya Ruvuma yamo katika hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na plastiki inayonasa kwenye mikoko yake hudhuru mazalio ya samaki. Kuiondoa kuna faida mbili. Hata hivyo, taka pekee haziajiri mtu. Mnunuzi ndiye anayeajiri. Kabla ya kununua mashine, kikundi hakina budi kumjua mnunuzi, aina anayoitaka na bei yake kwa kilo. Aliyekwisha kupoteza nyumba na shamba asipotezewe na nguvu zake.