Dawa haichukuliwi

“Chukua vidonge viwili asubuhi na viwili jioni.” Sentensi hiyo ilipita mikononi mwangu, mimi mtafsiri wa miaka mingi, na sikushtuka. Aliyeshtuka ni mhariri. Akanipigia: “Dada, wakishavichukua, wavipeleke wapi?”

Dawa humezwa. Hata mtoto wa chekechea anajua. Ila tangu 2023 nilikuwa naiachia ChatGPT rasimu ya kwanza, mimi napitisha macho tu, na macho yakazoea Kiswahili chake kama pua inavyozoea harufu ya nyumba.

Baadaye nilisoma utafiti wa Poland uliochapishwa 2025. Madaktari wa huko walianza kusaidiwa na akili mnemba kuchunguza utumbo mpana. Katika vipimo walivyofanya bila msaada huo, kiwango cha kugundua vinyama vinavyoweza kugeuka saratani kilikuwa asilimia 28.4 kabla ya mashine kuja, na 22.4 baada ya kuizoea. Utafiti mmoja haumalizi ubishi, lakini nilijiona humo.

Sasa nafanya hivi. Rasimu ya kwanza naiandika kwa kalamu, simu ikiwa chumba kingine (si mezani imefunikwa, hiyo nimejaribu, nilidumu dakika nane). Neno likigoma, naacha pengo na kuendelea. Usilikimbilie. Mara nyingi linakuja lenyewe wakati naosha vyombo, na neno lililokuja hivyo halinitoroki tena. Lisipokuja, nafungua kamusi ya TUKI, ambayo ina faida moja kubwa: ukitafuta neno moja unakutana na majirani zake sita.

Mashine naiita mwishoni, na siiombi iandike. Naiuliza: wapi upatanisho wa ngeli umekosewa? Sentensi gani ina maana mbili? Hapo inanisaidia kweli. Wakati mwingine inasahihisha kisicho na kosa, nami nalazimika kueleza kwa nini nimesema hivyo. Ukishindwa kujieleza, rudi kwenye kamusi. Barua za ankara bado naiachia yote, sina ugomvi nayo huko.

Mwezi wa kwanza ulinitesa. Ukurasa uliokuwa ukichukua dakika ishirini ulikula saa nzima, na wateja wawili waliondoka. Juzi yule mhariri kanirudishia kijitabu cha chanjo chenye alama moja tu ya kalamu nyekundu. Koma.