Nukta Sita: Kitabu cha Asiyeona Katika Intaneti

Maandishi ya nukta nundu, yaani breli, husomwa kwa ncha za vidole. Yalibuniwa nchini Ufaransa mwaka 1824 na Louis Braille, aliyepofuka utotoni. Kila alama hukaa katika chumba chenye nafasi sita, zilizopangwa katika safu mbili za nafasi tatu tatu. Kila nafasi ama ina nukta ama ni tupu. Kwa hiyo mipangilio yote ni 2×2×2×2×2×2, yaani 64, pamoja na chumba kitupu.

Kasoro ya vitabu vya breli ni ukubwa wake. Ukurasa wenye mistari 25 ya vyumba 40 hubeba alama 1,000 tu. Hivyo kitabu cha alama 400,000 huhitaji kurasa 400 za karatasi nene. Katika kompyuta, kila chumba chaweza kuhifadhiwa kama baiti moja. Kitabu hicho huwa faili la baiti 400,000 hivi, nalo hupitishwa kwa urahisi katika intaneti.

Faili likishafika, lazima ligeuzwe kuwa nukta zinazogusika. Njia ya kwanza ni mashine ya kuchapa inayotoboa nundu katika karatasi. Ya pili ni kifaa chenye mstari wa vyumba vyenye pini ndogo. Chini ya kila pini kuna kipande kinachojipinda kinapotiwa nguvu ya umeme, kikaisukuma pini juu. Msomaji akimaliza mstari, pini hujipanga upya.

Kikwazo kingine kilikuwa hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, huruhusu nakala za wasioona kutengenezwa na kuvuka mipaka baina ya nchi wanachama. Kenya ilijiunga mwaka 2017.

Sauti pekee haitoshi: msikilizaji hagusi tahajia wala mpangilio wa mlinganyo. Aidha, picha ya ukurasa haiwezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa breli, kwani kwa kompyuta picha si herufi. Mwalimu anayesambaza zoezi kwa picha humfungia nje mwanafunzi asiyeona. Akilipiga chapa kama maandishi, humfungulia mlango.

Maswali
1. Breli ya kompyuta yaweza kuwa na nukta nane. Je, mipangilio yake ni mingapi?
2. Kitabu cha alama 250,000 kitahitaji kurasa ngapi za aina iliyotajwa?