Kitenzi "Tanuka" katika Maelezo ya Majaribio ya Mabomba Yenye Kanieneo

Makala haya yanachunguza kitenzi kimoja, tanuka, kinavyotumiwa kueleza majaribio ya mabomba ya chuma yanayopashwa moto na kupozwa mara kwa mara huku yakiwa na kanieneo ndani. Dai letu ni kwamba kitenzi hiki hubebeshwa maana mbili ambazo mhandisi hawezi kuzichanganya bila hatari.

Mwaka 1967 J. Bree alichapisha uchambuzi wa bomba jembamba linalohifadhi fueli ya nyuklia. Kanieneo ya ndani haibadiliki. Kinachobadilika ni tofauti ya halijoto kati ya nyuso mbili za ukuta. Uso wenye moto zaidi hutaka kutanuka, ukazuiwa na ule wa baridi; wa kwanza husukumwa, wa pili huvutwa. Mvuto huo ukijumlishwa na wa kanieneo, uso baridi huweza kuvuka kikomo chake cha unyumbufu na kurefuka moja kwa moja. Tofauti ya halijoto ikiondoka, zamu ya kuvutwa huwa ya uso wa pili, nao humfuata mwenzake. Kila mzunguko kipenyo huongezeka kidogo, wala hakirudi. Pale ambapo mkazo wa kanieneo haufiki nusu ya kikomo, kigezo cha Bree ni zao la mikazo miwili, kila mmoja ukigawanywa kwa kikomo: 0.4 mara 3 ni 1.2, bomba litazidi kukua, 0.25 mara 3 ni 0.75, ukuaji hukoma, ingawa chuma huendelea kuchoka. (Mwanaisimu asishtuke: mkazo huu si ule wa silabi.)

Sasa tuchukue sentensi "Bomba limetanuka kwa milimita 0.2." Je, lilipimwa likiwa moto? Kama ndivyo, sehemu ya kipimo hicho itatoweka likipoa. Jaribio hasa hupima kipenyo bomba linaporudi kwenye halijoto ya mwanzo, mzunguko baada ya mzunguko. Nyongeza zikififia hadi sifuri, bomba limetulia. Zisipofifia, lina mwisho mbaya. Kiambishi -me- hakitusaidii: huonyesha utimilifu, hakionyeshi iwapo hali iliyotimia yaweza kubatilika.

Tunapendekeza tanuka ibakie kwa athari ya joto inayorudi. Kwa mabadiliko ya kudumu tulifikiria vimba, lakini uvimbe hushuka. Umuka inanukia unga wa maandazi. Lemaa inafaa zaidi. Ina udumifu ndani yake, na katika mazungumzo ya kawaida aliyelemaa ni pia yule aliyezoea jambo baya kidogo kidogo hata asiweze kuliacha, ndivyo hasa chuma kinavyofanya. Nomino yake, mlemao, inafuata njia ya zagaa na mzagao. Ukuaji wa mzunguko kwa mzunguko utaitwa mlemao limbikizi. Ugumu uliobaki ni wa kisintaksia: lemaa haijazoea kuandamana na kipimo, na "limelemaa kwa milimita 0.2" bado inakwaruza sikio letu.