AFYA YETU: Kuacha Pombe kwa Kusaidiana

Mwezi huu tujifunze juu ya ugonjwa tunaouona kila siku lakini hatuuiti ugonjwa: utegemezi wa pombe. Mkulima wa Mgeta anauza kabichi zake vizuri, lakini fedha zinaishia kilabuni kabla ya kununua hata daftari la mtoto. Asubuhi anajuta na kuapa. Jioni amerudi palepale. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua.

KWA NINI HAWEZI KUACHA?

Pombe ikinywewa kwa wingi kwa miaka mingi, iwe ya kienyeji, bia au gongo, ubongo huizoea na kuidai. Ndiyo maana kumgombeza mgonjwa au kumwapisha mbele ya wazee hakutoshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019.

TAHADHARI KWANZA

Mtu aliyezoea kunywa tangu asubuhi asiache ghafla peke yake nyumbani. Katika siku 2 au 3 za kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata degedege, au kuona na kusikia vitu visivyokuwepo. Hayo si mapepo, na yanaweza kuua. Apelekwe kituo cha afya au hospitali kabla ya kuacha, ili apewe dawa na kuangaliwa.

VIKUNDI VYA AA

Dawa za hospitali humvusha mgonjwa siku za mwanzo. Baada ya hapo anahitaji wenzake. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nguvu ya kutokunywa. Hapo ndipo ilipoanza Alcoholics Anonymous, yaani AA. Mwaka 1939 Sista Ignatia Gavin alianza kushirikiana na Daktari Bob kuwapokea wagonjwa hao katika Hospitali ya Mtakatifu Thoma mjini humo, wakati hospitali nyingi ziliwakataa.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa AA na njia yake ya hatua 12 husaidia watu kuacha pombe kabisa sawa na tiba nyingine za mazungumzo, na mara nyingi kuzizidi.

MKUTANO UNAVYOENDESHWA

Mkutano huchukua kama saa moja. Hakuna kiingilio, mwenye chochote huchangia gharama za ukumbi. Unataja jina lako la kwanza tu, na usipotaka kusema, unasikiliza. Kila mmoja hueleza pombe ilivyomtenda na anavyoishi sasa bila kunywa. Hakuna anayemhukumu wala kumkatiza mwenzake. Yanayosemwa humo hayatoki nje. AA si dhehebu: Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wote hupokelewa. Sharti ni moja tu, nia ya kuacha pombe.

Mgeni asikate shauri kwa mkutano mmoja. Ahudhurie kadhaa, kisha amwombe mmoja aliyekwisha kuacha siku nyingi awe mlezi wake, wa kumwendea kiu inapombana.

TUTAUPATA WAPI?

Mikutano ya AA nchini ipo hasa katika miji mikubwa, kama Dar es Salaam na Arusha. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hutufikisha Dar es Salaam kutoka Morogoro kwa muda usiozidi saa 2 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana. Ulizeni pia kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na katika nyumba za kuwasaidia waraibu, kwani nyingi hutumia hatua hizo 12. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuhudhuria mikutano kwa njia hiyo.

NA HUKO MILIMANI?

Aliye Matombo au Kinole hana nauli ya kila juma. Lakini watu wawili wenye nia wanatosha kuanza. Wachague siku na saa isiyobadilika, na mahali pa faragha mbali na kilabu: darasa au chumba cha parokia. Kijijini watu wote hufahamiana, kwa hiyo majina yasitangazwe kanisani, wala kikundi kisigeuzwe kuwa jumuiya. Mgonjwa akijua kuwa siri yake itafika kisimani kesho, hatarudi.

Kipindi kigumu ni ngoma baada ya mavuno, harusi na misiba. Siku hizo wanakikundi waende pamoja, na warudi mapema.

Wake, waume na watoto nao huumia. Tangu 1951 ipo Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, ambao hujifunza kumpenda mgonjwa bila kumlipia madeni ya pombe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ni hatari mlevi wa siku nyingi kuacha ghafla bila mganga?
2. Kijijini kwetu, ni mahali gani watu wawili wangeweza kukutana bila kuonewa aibu?
3. Katika sherehe zetu, je, asiyekunywa huandaliwa kinywaji chake?