Ushauri wa Kilimo: Peasi Halimsubiri Mkulima

Kila mwezi wa Agosti, wakulima wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, huwa juu ya ngazi wakichuma Stuttgarter Geißhirtle, peasi dogo, tamu, lenye wekundu upande unaopigwa na jua. Inasimuliwa kuwa mchunga mbuzi ndiye aliyeugundua mti wa kwanza, ukiwa umejiotea, karibu mwaka 1750. Mbegu ya peasi haizai tunda la mamaye. Kwa hiyo aina hii imedumu kwa kubebesha vijiti, mti hadi mti.

Nanyi wenye mipeasi Lushoto na Njombe, yapo ya kuchukua hapo.

Kwanza, uchumaji. Likiachwa lilainikie mtini, Geißhirtle huanza kuharibika katikati, nje likionekana zima. Likishaiva hudumu siku chache tu. Kwa hiyo huchumwa lingali gumu kidogo, tena kwa awamu, maana hayaivi yote pamoja. Kipimo chake kinafaa kwa mapeasi mengi: liinue tunda taratibu mpaka lilale. Kikonyo kikiachia chenyewe, limekomaa. Kikigoma, rudi baada ya siku kadhaa.

Pili, shina la kubebeshea. Ulaya mipeasi mingi hubebeshwa kwenye kwinsi, mti wa ukoo mmoja na mpeasi, ili iwe mifupi na izae mapema. Geißhirtle halipatani na kwinsi, na maungio yanaweza kuvunjika hata baada ya miaka. Dawa ni kuweka katikati kipande cha mpeasi wa aina nyingine unaopatana na pande zote mbili, au kubebesha kwenye mche wa mpeasi na kukubali mti mrefu. Ununuapo mche, muulize mwenye kitalu umebebeshwa juu ya nini.

Usimwombe ndugu aliye Ulaya akuletee vijiti mfukoni. Mipeasi ya huko hupatwa na baka moto, ugonjwa wa bakteria unaoweza kumaliza shamba. Uingizaji wa miche na vijiti unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Kwetu nyanda za juu, mwezi Agosti mipeasi bado huwa imelala. Pogoa wakati huo matawi makavu na yanayosuguana, ukate vijiti vya mti wako unaozaa vizuri zaidi, ubebeshe. Macho yakishachanua, vijiti hivyo havifai tena.