Huzuni na Sonona: Tujue Tofauti Kabla ya Kutafuta Dawa

Lengo la somo. Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kutofautisha huzuni ya kawaida na ugonjwa wa sonona, kujua mahali pa kupata huduma, na kuepuka kutumia dawa isiyomstahili.

1. Huzuni si ugonjwa

Wakazi wa Bukoba na Muleba wanaijua huzuni. Wapo waliopoteza ndugu katika ajali ya meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na wapo walioona nyumba zao zikianguka katika tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016. Kulia, kukosa usingizi na kutotamani chakula baada ya msiba ni hali ya kibinadamu.

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Mfiwa hulia siku za matanga, lakini mjukuu akimchekesha hutabasamu. Humkumbuka marehemu kila apitapo karibu na kaburi kibanjani, kisha huendelea kupalilia migomba. Majirani wakija kumjulia hali hufarijika. Kadiri siku zinavyosonga, maumivu hupungua ingawa kumbukumbu hubaki. Mtu huyu anahitaji watu wa kumfariji, hahitaji vidonge.

2. Sonona ni nini?

Sonona ni ugonjwa wa akili, nao hutibika. Unaweza kumpata mtu aliyefikwa na msiba, mama aliyejifungua karibuni, au hata mtu ambaye hakupatwa na jambo lolote. Dalili zake kuu ni mbili: moyo mzito kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, na kutofurahia tena mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu. Mojawapo ikidumu kwa wiki mbili au zaidi, angalia pia kama zipo hizi:

- usingizi kupotea au kuzidi;
- hamu ya kula au uzito kubadilika sana;
- uchovu usiokwisha hata baada ya kupumzika;
- kushindwa kutuliza mawazo au kuamua jambo dogo;
- kujiona hana thamani, au kujilaumu kupita kiasi;
- kukata tamaa, au kuwaza kifo na kujiua.

Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Hulalamikia kichwa, mgongo au mwili kukosa nguvu. Aidha, upungufu wa damu na maradhi mengine huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wa mtaalamu wa afya.

3. Mfano

Tuwafikirie wakulima wawili wa Ngenge ambao mahindi yao yamekauka kwa ukame. Wa kwanza ana uchungu na halali vizuri. Baada ya siku kadhaa, anahudhuria kikao cha kikundi chake cha kuweka na kukopa na kuanza kutafuta mbegu za msimu ujao. Wa pili, mwezi wa pili sasa, hatoki nyumbani hata baada ya mvua kunyesha. Haogi mpaka ahimizwe, na amemwambia mkewe kwamba familia ingepata nafuu kama yeye asingekuwepo. Majirani wanamwita mvivu.

Hasara yao ni moja, lakini hali zao ni tofauti. Wa pili anahitaji kupelekwa hospitali leo, wala si kukaripiwa.

4. Tahadhari kuhusu dawa

- Usinunue dawa ya usingizi kwa ajili ya huzuni. Diazepamu haitibu sonona, na ikitumika kwa muda mrefu huleta utegemezi.
- Pombe, iwe rubisi au ya dukani, huzidisha sonona.
- Dawa za sonona, kama vile amitriptilini na fluoksetini, zitumike kwa cheti cha daktari pekee. Usimpe mwenzako dawa uliyoandikiwa wewe. Amitriptilini ikizidi kipimo huweza kudhuru moyo na kuua.
- Nafuu huchukua wiki kadhaa. Usiache dawa ghafla kwa kuona haifanyi kazi, wala kwa kuona umepona. Ukipata madhara, rudi kwa aliyekuandikia.
- Si kila mgonjwa huhitaji dawa. Sonona isiyo kali huweza kutibiwa kwa ushauri nasaha.

5. Mahali pa kupata huduma

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze dalili na muda zilioanza. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda hospitali, kama vile Rubya wilayani Muleba au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Kwa ushauri, piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, namba 199.

Mtu akitamka kwamba anataka kufa, usimpuuze wala usimwache peke yake. Muulize waziwazi, kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ondoa dawa na viuatilifu nyumbani, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Je, hali hii imedumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku?
2. Je, bado kuna jambo linalompa faraja?
3. Je, anaweza kufanya kazi zake na kujitunza?

Ikiwa jibu la kwanza ni ndiyo, na mojawapo ya yanayofuata ni hapana, usisubiri. Nenda kituo cha afya.